Plastiki mtoni, pwani na baharini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni majirani wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashuka ufukweni kuokota taka. Ukionekana na glavu mkononi na salfeti begani (ndiyo, salfeti nayo ni plastiki, tumeshaambiwa) wapita njia hawakuachi bila swali. Mengine ni ya utani, kama "mnalipwa shilingi ngapi?" Hatulipwi. Mengine yalitushinda papo hapo, tukarudi nyumbani kusoma. Tumeyaandika hapa yale yanayorudi kila mwezi.

Taka hizi si zinatupwa na meli?

Jibu hilo linapendwa kwa kuwa halimgusi anayeuliza. Sehemu kubwa hutoka nchi kavu. Hesabu inayotajwa zaidi duniani ilichapishwa mwaka 2015: watafiti walipiga mahesabu ya nchi 192 zenye pwani wakakadiria kuwa kwa mwaka 2010 peke yake tani kama milioni 8 za plastiki ziliingia baharini kutoka bara. Ni makadirio, na wenyewe waliweka kiwango cha kati ya tani milioni 4.8 na 12.7.

Hata hivyo meli hazijatakasika. Kutupa plastiki baharini kutoka melini kumekatazwa na sheria ya kimataifa tangu mwisho wa 1988. Lakini katikati ya Atlantiki ya kusini kuna kisiwa kisichokaliwa na watu kiitwacho Inaccessible, na watafiti waliokwenda kuhesabu chupa huko walikuta nyingi zimetengenezwa Asia, hasa China, na tarehe zilizopigwa kwenye chupa bado ni za karibuni. Chupa haiwezi kuelea kutoka China hadi pale kwa muda mfupi namna hiyo. Ilinywewa melini, ikarushwa.

Nasikia mito kumi tu ndiyo inayochafua bahari yote. Kweli?

Hiyo ilitoka kwenye utafiti wa 2017, na njiani ikaharibika. Watafiti walisema mito kumi, minane ya Asia na miwili ya Afrika, yaani Nile na Niger, inabeba karibu asilimia 90 ya plastiki inayopitia *mitoni*. Watu wakaikata hiyo "mitoni" ikabaki "bahari yote".

Mwaka 2021 wengine wakarudia hesabu kwa takwimu za karibu zaidi na picha ikageuka: ni mito zaidi ya 1,000 inayogawana asilimia 80 ya mzigo. Na iliyo mibaya zaidi si ile mikubwa ya kwenye ramani. Ni mito mifupi inayopita katikati ya miji ya pwani, yenye mitaro iliyo wazi, mvua kali na safari fupi hadi baharini. Pasig unaopita Manila, Ufilipino, ndio ulioongoza.

Mkazi wa Dar akisoma maelezo hayo anauona Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unatokea baharini kwenye Daraja la Salenda. Nenda pale asubuhi baada ya mvua ya masika kupiga usiku kucha. Maji ni rangi ya chai ya maziwa. Chupa zinakuja zimelala ubavu, kofia zake zimefungwa, zinafuatwa na vikasha vyeupe vya chipsi, ndala za mguu mmoja mmoja, dumu lililopasuka. Baadaye mto ukitulia unaona mikoko imevaa mifuko hadi usawa ambao maji yalifika. Mkoko hupumua kwa mizizi yake inayochomoza matopeni, na mizizi iliyofunikwa na nailoni haipumui.

Mimi niko Nairobi. Bahari iko mbali, inanihusu nini?

Mto Nairobi unapita kando ya dampo la Dandora, unaingia Athi. Athi ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, na mdomo wake uko kaskazini kidogo ya Malindi. Juala lililoangukia mtaroni Nairobi limeshapata njia, labda kama litanaswa kwenye kichaka.

Tena si lazima lifike baharini ndipo likuumize. Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanalijua hili kwa kukaa gizani. Mvua hukokota chupa na sashe kutoka milimani hadi Ziwa Kivu, na maji ya Kivu yana mlango mmoja wa kutokea: mto Ruzizi, ambako kuna bwawa la umeme. Taka hujikusanya mbele ya bwawa hadi mtu anadhani ni nchi kavu, zikizama huziba njia ya maji ya mitambo, na umeme unakatika mjini. Watu huingia na mitumbwi kuzichota kwa mikono. Zinazopenya huendelea hadi Tanganyika, na maji ya Tanganyika hutokea Lukuga, kisha mto Kongo, kisha Atlantiki. Kwa hiyo sashe ya Bukavu, ikijaliwa, inaelekea upande wa pili wa Afrika.

Mbona tunaokota chupa zenye maandishi ya Kiindonesia?

Wavuvi wazee hawalishangai hili. Kuna mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi, ukigonga pwani yetu unageuka kupanda kaskazini, na kusi ikivuma inausukuma zaidi. Chupa iliyoingia baharini Sumatra au Java huchukua miezi mingi, ikafika na kome wameota juu yake. Fukwe za karibu na mji hutupa taka zetu wenyewe karibu zote. Nenda upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu, ndipo utakutana na lebo usizoweza kuzisoma.

Mfano mkubwa ni Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kilicho kwenye Urithi wa Dunia, makao ya kobe wakubwa, ambacho hakina mji wala duka. Mwaka 2019 kikundi cha kujitolea kilikaa huko wiki tano kikatoa tani 25 za takataka. Walipokadiria zilizobaki, zilikaribia tani 500. Kwa uzito, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa zana za uvuvi, na ndala zilikuwa kwa maelfu. Shelisheli ina watu wachache kuliko kata kadhaa za Dar zikiunganishwa. Taka zile si zao, gharama ni yao.

Plastiki inaelea au inazama?

Jaribu nyumbani, ndoo na mkasi vinatosha. Chukua chupa ya maji ya kunywa, fungua kifuniko, kata kipande cha chupa. Tumbukiza vyote viwili. Kifuniko kinaelea, kipande cha chupa kinakwenda chini, kwa sababu ni plastiki za aina mbili. Chupa nzima huelea kwa hewa iliyofungiwa ndani, siku kofia ikitoka nayo inazama.

Ndiyo maana vifuniko tunaokota vingi kuliko chupa, na ndiyo maana usafi wa ufukwe unaona sehemu tu ya hadithi. Hata inayoelea, ikiota majani na viumbe, inazidi uzito na kushuka.

Kile "kisiwa cha taka" cha Pasifiki, mtu anaweza kusimama juu yake?

Utazama. Si kisiwa, na picha nyingi zinazosambaa kwa jina hilo zimepigwa bandarini au mtoni. Ni eneo la maji yanayozunguka polepole kati ya Hawaii na California, ambako vitu vinavyoelea hukusanyika. Utafiti wa 2018 ulikadiria eneo la kilomita za mraba milioni 1.6, zaidi ya Tanzania moja na nusu, lenye tani kama 79,000. Gawanya: ni kama kilo 50 kwa kilomita ya mraba. Unaweza kupita na boti usione kitu ila mawimbi, na chini yako kuna vipande kama wali uliomwagika. Karibu nusu ya uzito ule ni nyavu za uvuvi.

Chupa inachukua miaka mingapi kuoza?

Utakuta mabango yanasema 450. Plastiki za kawaida zimeenea duniani kwa kama miaka 75, hivyo hakuna aliyekaa akaitazama chupa ikiisha. Kinachoonekana kwa macho ni kwamba jua linaikausha, inakatikakatika, vipande vinakuwa vidogo bila kuacha kuwa plastiki. Viti vyeupe vya plastiki vilivyoachwa juani uwanjani vitakuonyesha: siku moja unakaa, mguu unavunjika kama biskuti.

Samaki tunaokula wana plastiki tumboni?

Baadhi, ndiyo. Watafiti walinunua sangara na sato Mwanza, wakapasua matumbo, na mwaka 2016 wakachapisha kuwa walithibitisha plastiki kwa samaki mmoja katika kila watano, wa aina zote mbili. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo kutoka Maziwa Makuu ya Afrika.

Ila vipande hivyo vilikuwa tumboni, na sangara huliwa akiwa ametumbuliwa. Swali gumu ni la dagaa, tunaowakaanga wazima na matumbo yao. Wataalamu bado wanachunguza chembe hizi zinaufanya nini mwili wa binadamu, na sisi hatutakutisha kwa lisilojulikana. Hatujaacha kula dagaa.

Marufuku ya mifuko imesaidia kitu?

Imesaidia, lakini si kwa kiasi tulichoshangilia.

Kwanza historia kidogo, maana wengi wanadhani wazo hili lilianzia Ulaya. Nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko myembamba ilikuwa Bangladesh, 2002, baada ya mafuriko yaliyokuzwa na mitaro iliyozibwa na mifuko. Zanzibar ilifuata 2006, Rwanda 2008. Kenya ikaingia Agosti 2017 kwa adhabu zilizotisha dunia: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya au jela hadi miaka minne. Tanzania bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, na hapa anayekutwa na mfuko tu anaweza kutozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Uganda nayo ilitangaza kuzuia kavera mwaka 2009, na ukienda sokoni Kampala utabebewa mboga kwenye kavera.

Ule mfuko wa rambo uliokuwa ukining'inia kwenye kila mti wa mkwaju njiani umepungua sana, hilo hatubishi. Lakini tazama kilichoingia mahali pake. Mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa, umetengenezwa kwa plastiki vilevile. Anayeutumia mara hamsini amefanya la maana. Anayenunua mwingine kila akienda genge hajafanya kitu. Halafu kuna vifungashio, ile nailoni nyepesi isiyo na mikono. Sheria inaiachia ifungashe bidhaa fulani viwandani. Sokoni inabeba nyanya, mihogo ya kukaanga, na mafuta ya kula ya kupima, yamefungwa kifundo juu kama puto dogo. Mama anayeuza mafuta ya kupima hana tatizo la tabia. Mteja wake hana hela ya lita nzima, na hakuja na chupa. Yeyote anayetaka kifungashio kile kiondoke ajibu kwanza mafuta yale yatabebwa na nini.

Kitu kilichofanikiwa bila kelele nyingi ni viroba vya pombe kali, vilivyopigwa marufuku Tanzania Machi 2017. Miaka ile tulikuwa tunaviokota kwa kukwangua, vimelala mchangani kama magamba ya samaki. Sasa tunaviona kwa nadra, na vingi ni vya zamani vilivyofukuliwa na mawimbi.

Kwa nini chupa ya soda ya kioo haionekani ufukweni kama ya plastiki?

Hili tungependa watu waulize zaidi. Kila aliyekulia Afrika Mashariki anaijua kanuni: unataka kuondoka na soda, acha hela ya chupa. Kuna watoto waliofungiwa nje kwa kupoteza chupa za kreti la shangazi. Hakuna aliyetufundisha mazingira. Chupa ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na bei, basi ilirudi.

Ujerumani tangu 2003 wanafanya hivyo hata kwa plastiki. Ndugu zetu walioko kule watakuambia wanavyobeba mfuko wa chupa tupu dukani, kila moja senti 25, mashine inazimeza na kutoa risiti. Chupa iliyotupwa bustanini haimalizi saa moja, kuna atakayeipitia.

Hapa kwetu mfumo wetu ni waokota chupa. Anapita alfajiri kabla hatujaamka, ana salfeti refu kuliko yeye, anauza kwa kilo. Siku moja tulimwaga salfeti letu moja juu ya turubai tukamwita mmoja wao achague. Alikwenda haraka kama mtu anayechambua mchele. Chupa za maji alichukua zote, akikamua na kukanyaga. Madumu, ndoo zilizopasuka, kiti kilichovunjika, alichukua. Chupa ya rangi alisita, akaiacha: "Hii hawaitaki." Akasimama. Juu ya turubai palibaki lundo lilelile kwa macho, nusu yake tu kwa uzito: pakiti za biskuti, pakiti za sabuni ya unga, mirija, nailoni za barafu za watoto, karatasi za pipi, vifungashio, vikasha vya chipsi. Hakuna hata kimoja ambacho mtu yeyote mjini angekupa senti tano.

Lundo hilo lililobaki ndilo linalokwenda baharini. Hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na katika iliyogeuka taka ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Kwa nini 9? Ukimuuliza yule bwana wa salfeti atakujibu: iliyobaki haina mnunuzi. Kwa hiyo tukisikia kampeni inayomwambia mwananchi "rejeleza", tunauliza ni kitu gani na amuuzie nani. Kisicho na mnunuzi, aliyekitengeneza ndiye anayepaswa kugharimia mwisho wake. Kenya imeliandika wazo hilo kwenye sheria yake ya taka ya 2022.

Si bora tuzichome tu?

Hapana. Moshi wa plastiki ni sumu, na aliye karibu nao zaidi ni mama na mtoto wa jirani. Na hata kuwashia mkaa kwa kipande cha mfuko, ambako wengi wetu tumelelewa nako, ni huohuo moshi, tena uso umeinama juu ya jiko. Tumia karatasi, kifuu, mabua.

Nyavu zilizopotea zina ubaya gani?

Zinaendelea kuvua. Jarife la nailoni likinasa kwenye mwamba na kuachwa hukamata samaki, samaki huoza, anavuta kaa, kaa naye ananasa, na hakuna anayekuja kuvuta. Kasa akinasa hufa kwa kukosa hewa, maana lazima apande juu kupumua. Ukiona wavu umekaza kwenye matumbawe usiuvute kwa nguvu, utang'oa matumbawe. Ukatwe kidogokidogo na anayejua kuzamia.

Je, nchi tajiri zinatuletea taka zao?

Biashara hiyo ipo. China ilikuwa ikipokea sehemu kubwa ya plastiki chakavu ya dunia hadi ilipofunga mlango 2018, na makontena yakaanza kutafuta bandari nyingine, hasa Malaysia na jirani zake. Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopelekewa plastiki chafu iliyochanganywa iulizwe na ikubali kwanza.

Lakini kuna ajali zisizoomba ruhusa. Mei 2021 meli X-Press Pearl iliwaka moto karibu na Colombo, Sri Lanka, ikiwa na tani zipatazo 1,680 za punje za plastiki ghafi, zile zinazoyeyushwa kiwandani kutengeneza vitu. Punje zenye ukubwa wa dengu zilifunika fukwe, na wavuvi walizuiwa kwenda baharini. Watu walizichekecha mchangani kwa chekecheke.

Mkataba wa dunia umefikia wapi?

Ulianzia nyumbani: Machi 2022, Nairobi, nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuandika mkataba wenye nguvu ya sheria. Ulitarajiwa kukamilika Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024. Ukashindikana. Wakakutana tena Geneva Agosti 2025, wakaachana bila mkataba. Ugomvi ni mmoja: nchi nyingi zinataka plastiki inayotengenezwa iwekewe kikomo, na nchi zenye mafuta na gesi, ambayo ndiyo malighafi yake, zinataka mazungumzo yaishie kwenye taka.

Mnaokota leo, kesho zimerudi. Mnapata faida gani?

Zinarudi, kweli. Wiki ya masika zinarudi kabla hatujafika nyumbani. Ila mfuko uliookotwa mzima leo hautakuwa vipande elfu mwakani, na vipande elfu haviokoteki. Tena kuna kuhesabu: tunaandika nini kimetoka na jina la bidhaa iliyo kwenye pakiti, na orodha hiyo ina kazi kwenye kikao cha kata kuliko hotuba.

Halafu kuna wenzetu wa Lamu. Fundi Ali Skanda na wenzake walichukua plastiki iliyookotwa pwani, wakaiyeyusha na kuichonga kama mbao, wakaunda jahazi la mita tisa, Flipflopi, likavikwa ndala za rangi zote. Mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita kama 500. Jahazi moja halimalizi taka. Lakini kila bandari liliyotia nanga watoto walitaka kuligusa.

Nikitaka kuja, nilete nini?

Viatu vilivyofunika mguu, si ndala. Kofia, na maji kwenye chupa ya kujaza tena, maana mwaka juzi mtu alitugawia katoni mbili za maji ya chupa kwa nia njema na tukaanza kazi kwa kuongeza taka. Glavu tunazo. Watoto karibu, wakae na mkubwa. Sindano usiguse, ita mwenye kopo gumu. Chupa iliyofungwa yenye maji ya manjano usiifungue, si juisi. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukichelewa hadi saa tatu utatukuta tunakunywa uji.